Mafuta yana miguu, gesi haina

Swali: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Lindi, nimemaliza kidato cha sita. Nimesoma kwamba Ghana waligundua mafuta baharini mwaka 2007, na kufika 2010 walikuwa wameanza kuyatoa. Sisi tuligundua gesi bahari kuu mwaka huohuo wa 2010, na mpaka leo iko hukohuko chini. Hapa mtaani wengine wanasema hakuna kitu, ilikuwa siasa tu. Wengine wanasema inachotwa usiku. Naomba unieleze: ukishagundua, kazi gani inabaki? Na ile mitambo huwa inafanya nini huko baharini?

Jibu: Marahaba, kijana. Naanza na hilo la usiku, maana linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Gesi ya bahari kuu haichoteki kwa siri. Kisima kama Zafarani, cha Kitalu namba 2 (kitalu ni kipande cha bahari ambacho kampuni hupewa kutafuta gesi), kiko kwenye maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,500. Juu yake hakuna jukwaa wala bomba, hata boya hakuna. Kilichorongwa, kikapimwa, kikafungwa kwa saruji, meli ikaondoka. Atakayetaka kuiba atahitaji mtambo wenye urefu wa viwanja vitatu vya mpira, na kazi ya miaka. Wavuvi wa Kilwa wangemuona kabla hajamaliza kutia nanga.

Hilo la "hakuna kitu" nalo si kweli. Kitu kipo, na kina majina matamu: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini. Vitalu vya kampuni moja vilipewa majina ya samaki na viumbe wengine wa bahari, kitalu cha jirani kikapewa viungo, kwa hiyo orodha ya visima vyetu inasomeka kama mtu aliyetumwa sokoni. Nchi nzima, pamoja na Songo Songo na Mnazi Bay, inahesabiwa kuwa na futi za ujazo trilioni 57 na ushee za gesi iliyogunduliwa, na sehemu kubwa iko hapo mbele yenu baharini.

Swali lako la maana ni lile la kazi inayobaki. Nitalijibu kwa Ghana yenyewe, maana uwanja wao wa mafuta wa Jubilee naufahamu vizuri, na ndani yake utaona kwa nini wao waliwahi na sisi tumekaa.

Kwanza futa picha ya ziwa la mafuta chini ya ardhi. Hakuna ziwa. Chukua kinoo cha kunolea kisu, kimwagie maji, utaona kinayanywa na juu kinabaki kikavu. Mafuta yamekaa hivyo, ndani ya vijitundu vya mchanga ulioganda ukawa mwamba. Pale Jubilee mwamba huo uko zaidi ya kilomita 3 chini ya usawa wa bahari, na maji yenyewe yana kina cha mita 1,100 kwenda juu, kilomita 60 hivi kutoka pwani ya magharibi ya Ghana. Kinachoyasukuma mafuta yatoke kwenye vijitundu ni presha ya huko chini. Presha ikiisha, mafuta yanabaki humohumo mwambani, na hakuna pampu duniani itakayoyanyonya yote. Kwa kawaida ukifanikiwa kutoa theluthi, hujafanya vibaya.

Kisima cha kwanza, Mahogany-1, kiligundua mafuta Juni 2007. Ghana ilikuwa inasherehekea miaka 50 ya uhuru, ndiyo sababu ya jina Jubilee. Miezi michache baadaye kisima cha pili, Hyedua-1, kikakuta mafuta kwenye kitalu cha jirani. Walipopima presha na sampuli wakagundua kwamba ni mwamba mmoja umepita chini ya mpaka wa vitalu viwili vyenye kampuni tofauti. Hapo ndipo pa kwanza ambapo mradi ungeweza kukwama miaka kumi. Watoto wawili kwenye sinia moja la pilau, kila mmoja atakula haraka ili mwenzake asimzidi, na kwenye mafuta kula haraka ndiko kunakoua presha. Ghana wakasisitiza uwanja uendeshwe kama kitu kimoja, na mwaka 2009 makubaliano yakasainiwa: kampuni ya Tullow wakawa waendeshaji, kampuni ya Kosmos wakasimamia upande wa kiufundi wa ujenzi. Nikiulizwa ni uamuzi gani uliookoa muda kuliko yote, nitataja huo kabla ya chuma chochote.

Baada ya hapo ikaja meli. Kuna jambo watu wengi hulichanganya. Ile meli yenye mnara mrefu katikati, ambayo huenda uliiona pwani yenu miaka ile, kazi yake ni kuchoronga. Inakodiwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku, inatoboa, inaondoka. Haizalishi kitu. Meli ya kuzalisha ni nyingine kabisa. Watu wa kazi hii huiita FPSO: inatenganisha mafuta, inayahifadhi tumboni, kisha inayapakulia meli za wanunuzi. Ya Jubilee ilikuwa meli kuukuu ya kubeba mafuta iitwayo Ohdoh. Ikapelekwa Singapore kwenye gati la Jurong, wakaipandishia kiwanda kizima kwenye sitaha, ikabatizwa Kwame Nkrumah. Urefu wake ni mita 330. Katikati ya 2010 ilikuwa imefika Ghana, na tarehe 28 Novemba 2010 mafuta ya kwanza yakapanda. Miezi 41 tangu kugundua. Kwa kina kile cha maji, hiyo ni mbio.

Waliwezaje? Hawakusubiri kujua kila kitu. Wakati visima vya tathmini, vya kupima ukubwa wa uwanja, vinaendelea kuchorongwa, meli ilikuwa imeshaagizwa, na mabomba ya sakafuni yanatengenezwa. Ni kama kumwita fundi aanze paa huku bado unahesabu vyumba. Ikitokea umekosea, umekosea kwa mabilioni. Na tukumbuke mwaka wenyewe: Aprili 2010, visima vya Ghana vikiwa vinaendelea, kisima cha Macondo kililipuka Ghuba ya Mexico. Watu 11 wakafa, mafuta yakamwagika baharini siku 87. Kila mtu aliyekuwa kwenye meli ya kuchoronga mwaka ule alilala jicho moja wazi.

Sasa tushuke kwenye visima. Awamu ya kwanza ya Jubilee ilikuwa na visima 17. Nikiwauliza wanafunzi vingapi vinatoa mafuta, hujibu vyote. Vilikuwa 9. Sita vilikuwa vya kuingiza maji, na viwili vya kuingiza gesi. Karibu nusu ya mashimo ya gharama kubwa kiasi hicho yamechorongwa ili kurudisha vitu chini! Tena tazama uwezo wa meli yenyewe: imeundwa kutoa mapipa 120,000 ya mafuta kwa siku, na kusukuma chini mapipa 230,000 ya maji kwa siku. Maji karibu mara mbili ya mafuta. Yale maji ndiyo yanayoshikilia presha na kuyasukuma mafuta kuelekea visima vya kutolea. Kuendesha uwanja wa mafuta, kwa kweli, ni kazi ya maji na gesi. Mafuta ni sehemu nyepesi.

Hata hayo maji huyatii chini hivihivi kutoka baharini. Unayachuja, unayatoa oksijeni yasile mabomba kwa kutu, unaua vijidudu. Halafu unapunguza salfeti iliyomo, maana ikikutana na madini ya huko chini inaganda kama magadi kwenye sufuria ya chai na kuziba kisima. Kuna bakteria pia wanaoila salfeti na kutoa gesi ya mayai viza, ambayo pua inaisikia ikiwa kidogo, na ikizidi pua inakufa ganzi kabla mwenyewe hujafa. Nimevaa kengele ya gesi hiyo kifuani miaka mingi, na mpaka leo nikipita kando ya mtaro wa maji machafu mkono huenda kifuani wenyewe.

Nikueleze kinachotoka kisimani, maana sinema hutudanganya kwa kuonyesha mafuta meusi yanaruka hewani. Zamu zangu za mwanzo kwenye meli ya uzalishaji Afrika Magharibi nilipewa kazi ya kuchukua sampuli. Unafungua vali ndogo taratibu, kinachoingia kwenye chupa ni povu la rangi ya kahawa ya maziwa, la moto, linakoroma. Unaiweka chupa mezani. Povu linatulia, gesi imeondoka. Juu yanabaki mafuta ya hudhurungi, na chini unaona mstari, maji. Unausoma ule mstari kila siku kama daktari anavyosoma homa. Mwaka wa kwanza ni ukucha wa maji tu. Miaka inavyokwenda mstari unapanda, na siku ukipanda ghafla unapiga simu chumba cha udhibiti bila kumaliza chai. Ina maana maji uliyoyatia kwenye kisima kile yamepata njia ya mkato hadi kisima hiki, na mafuta yaliyokuwa katikati yamerukwa.

Kwenye sitaha, mashine kubwa hufanya kile kilichofanywa na ile chupa: matangi marefu ya kulala, presha inapunguzwa hatua kwa hatua, gesi juu, mafuta katikati, maji chini. Mafuta yanashuka tumboni mwa meli, ambamo mnaingia mapipa milioni 1.6. Piga hesabu: kwa kasi kamili linajaa ndani ya siku 13. Meli ya mnunuzi ikichelewa wiki mbili, unaanza kufunga visima. Maji yanasafishwa, yanarudi baharini. Na gesi je?

Hapa ndipo jibu lako lilipo. Mafuta yana miguu. Ukishayapata tumboni mwa meli, yanakwenda Rotterdam, yanakwenda China, yanakwenda popote penye bei. Gesi haina miguu. Inataka bomba, na mwisho wa bomba inataka kiwanda, na mwisho wa kiwanda inataka mtu aliyekwisha kusaini kwamba ataichukua kila siku kwa miaka ishirini. Ghana waliwahi kwa sababu walichouza kilikuwa mafuta. Gesi iliyopanda nayo iliwasumbua. Mpango ulikuwa isichomwe hovyo, kwa hiyo waliirudisha chini kupitia vile visima viwili wakingoja kiwanda cha Atuabo, nchi kavu. Kiwanda kikachelewa hadi mwishoni mwa 2014, na miaka ile ya kungoja, gesi ndiyo ikawa inaamua mafuta kiasi gani yatoke. Unaona? Gesi kidogo tu, inayotoka pembeni ya mafuta, kilomita 60 kutoka ufukweni, iliwachukua miaka minne zaidi ya mafuta yenyewe.

Usidhani upande wa mafuta ulikwenda laini. Mwaka wa kwanza na wa pili visima kadhaa vilianza kudhoofu mapema kuliko ilivyotarajiwa, tatizo likiwa pale mwamba unapokutana na kisima. Ikabidi vioshwe kwa tindikali ndipo vikapumua. Zile mapipa 120,000 zilizotangazwa kwenye magazeti hazikuja kwa wakati.

Halafu ikaja ile ya 2016, ambayo hupenda kuisimulia kwa sababu haina ujanja wa kijiolojia ndani yake, ni chuma na grisi. Meli ya namna ile haifungwi kama mtumbwi gatini. Kwenye pua ina mhimili mkubwa, minyororo inashuka kutoka hapo hadi sakafu ya bahari, na mabomba ya mafuta yanapanda hapohapo. Meli yote inauzunguka mhimili huo kufuata upepo na mawimbi, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, kigingi kimesimama na ng'ombe anazunguka. Februari 2016 wakagundua kwamba beringi ya mhimili imeharibika, ng'ombe hageuki tena vizuri. Hebu fikiria: meli ya mita 330 iliyojaa mafuta, haiwezi kukaa inavyotaka bahari. Uzalishaji ukasimama wiki kadhaa. Ikabidi tagi, zile meli ndogo za kuvuta, ziishike meli usiku na mchana isizunguke, na meli za wanunuzi zisiikaribie kama zamani; mafuta yakawa yanahamishwa kwanza kwa meli nyingine ya kati. Mwishowe wakakata shauri: kama haigeuki, isigeuke kabisa. Mwaka 2018 wakaiweka upande mmoja wa kudumu na kuifunga kwa minyororo pande zote. Baadaye likawekwa boya la kupakilia mbali kidogo na meli. Uwanja wa mabilioni ya dola, na kilichoulaza ni beringi.

Na uzalishaji ukisimama, usifikiri kuurudisha ni kuwasha swichi. Sakafu ya bahari pale ina baridi ya nyuzi 4 hivi. Gesi na maji vikikaa pamoja bombani kwenye baridi hiyo na presha ile, vinaganda kuwa kitu kama barafu chafu, na bomba linaziba. Kwa hiyo kabla halijapoa unakimbizana na saa: unamwaga methanoli, kemikali ya kuzuia kuganda, kwenye vichwa vya visima, unasukuma mafuta yasiyo na gesi kwenye mabomba. Mpiga mbizi hafiki kina kile. Kila vali hufunguliwa kwa kamba ya umeme na mafuta ya haidroli kutoka juu, na ikigoma unatuma roboti yenye taa na mikono miwili. Nimekaa saa sita nikitazama roboti ikihangaika na vali moja, samaki mmoja mweupe akiizunguka muda wote kama msimamizi wa kazi.

Samaki wamenikumbusha wavuvi, na wewe ni mtu wa pwani, lazima utauliza. Sheria ya kimataifa inaruhusu eneo la usalama la mita 500 kuzunguka mtambo. Kwenye karatasi ni padogo. Lakini taa za mtambo usiku huvuta samaki, na mvuvi anajua samaki walipo. Ghana wavuvi wa pwani ya magharibi wamelalamikia hilo tangu mwanzo, na sijaona mahali popote lilipotatuliwa vizuri.

Basi turudi Lindi. Kwenye visima vyenu vya bahari kuu gesi si kitu cha pembeni, gesi ndiyo mali yenyewe. Hakuna mafuta ya kuitangulia na kulipia gharama. Iko kilomita mia moja hivi kutoka ufukweni, chini ya maji yenye kina mara mbili ya Jubilee, na soko la kuimaliza halipo nchini. Ili ipate miguu ni lazima ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, igeuke kimiminika, isinyae mara 600, ndipo ipakiwe melini. Kiwanda cha kufanya hivyo ndicho kilichopangiwa Likong'o, hapohapo Lindi, na gharama inayotajwa ni zaidi ya dola bilioni 30. Hakuna benki inayotoa fedha hiyo kwa sababu gesi ipo. Wanataka mikataba na serikali, kodi isiyobadilika njiani, na wanunuzi waliosaini. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mazungumzo yamekamilika, mwaka ukaisha mikataba haijasainiwa. Siasa ipo hapo, sikatai. Ila ni siasa ya mkataba, gesi yenyewe ni ya kweli.

Wala si mara ya kwanza. Songo Songo iligunduliwa 1974, gesi yake ikafika Dar es Salaam 2004. Miaka 30, na ile ni gesi ya kisiwani, karibu kabisa. Hata mafuta hukatwa miguu yakiwa mbali na bahari: Uganda waligundua yao 2006, mwaka mmoja kabla ya Ghana, na mafuta yao ni mazito yenye nta, yanataka bomba la kupashwa moto lenye urefu wa kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga.

Jirani zetu Msumbiji walijaribu njia nyingine. Badala ya kuileta gesi yote nchi kavu, kwenye uwanja wa Coral walileta kiwanda kinachoelea, kilichoundwa Korea Kusini, kinapooza gesi hukohuko juu ya maji. Uwanja uligunduliwa 2012, shehena ya kwanza ikaondoka Novemba 2022. Miaka kumi, na hiyo ndiyo njia fupi. Kiwanda chenyewe ni kidogo ukilinganisha na kilichopangwa Likong'o, na ajira zake nyingi zilibaki Korea kwenye gati la ujenzi. Mimi binafsi siipendelei kwa Lindi kwa sababu hiyo ya pili, ingawa najua wenzangu wengi watabisha.

Ajira nazo nisikufiche. Kwame Nkrumah ina vitanda 120 hivi. Watu hubadilishana kwa zamu, kwa hiyo zidisha mara mbili, ongeza walioko ofisini na bandarini. Kazi nyingi hupatikana wakati wa ujenzi, na ujenzi huwa pale kiwanda kinapojengwa. Ukiwa na nia ya kwenda, jifunze kuogelea sasa. Kabla ya kupanda helikopta ya kwenda mtamboni utafungwa mkanda ndani ya kichanja, utatumbukizwa kwenye bwawa, utapinduliwa miguu juu, na utatakiwa utoke dirishani mwenyewe. Wahandisi wenye digrii mbili nimewaona wakirudi nyumbani kutokea hapo.

Kwa hiyo usikae ufukweni ukitazama bahari usiku kuona kama kuna taa. Siku mambo yatakapoanza, utayaonea Likong'o: malori ya kusawazisha ardhi, halafu gati refu la kuingia majini, halafu matangi ya zege mapana kama uwanja wa mpira. Matangi yakianza kuezekwa, hesabu mwaka mmoja au miwili hivi. Kabla ya hapo, ukiambiwa gesi inatoka, mwulize anayekwambia inakwenda wapi.